Mbunge ni wa nani? Safari ya Mizengo Pinda kutoka Kibaoni

Majuzi, baada ya kipindi kumalizika, nilipita sokoni hapa Mpanda kununua asali. Mzee anayeniuzia, Mkonongo wa Inyonga ambaye hakosi kusikiliza redio, alinipimia lita yangu, akafunga kifuniko, halafu badala ya kunipa akaishikilia chupa mkononi. Akaniuliza: "Mwandishi, ninyi huko redioni kila siku ni mbunge, mbunge. Hebu nieleze. Mbunge akikaa bungeni muda mrefu, anayefaidi ni yeye au ni sisi?"

Nilimjibu jibu la haraka, kama tunavyojibu tunapokuwa na safari. Mzee akacheka, akanipa asali yangu, akasema hilo si jibu. Alikuwa na haki. Kwa hiyo wiki hii naomba tulitazame swali lake kwa utulivu, kwa kufuata maisha ya mtu mmoja ambaye sisi wa Katavi tunamjua kuliko watu wa mikoa mingine wanavyomjua. Huyo ni Mizengo Kayanza Peter Pinda, mtoto wa Kibaoni, mbunge kwa miaka 15 na Waziri Mkuu kwa karibu miaka 8.

Kwanza twende kidogo Uingereza, maana Bunge letu, pamoja na spika wake na taratibu zake nyingi, lina asili yake huko. Katika Bunge la London, mbunge aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake bila kukatiza hupewa heshima ya kuitwa Baba wa Bunge. Kati ya mwaka 2017 na 2019 heshima hiyo ilikuwa ya Kenneth Clarke. Mzee huyu alichaguliwa mwaka 1970 katika jimbo la Rushcliffe, karibu na mji wa Nottingham, akakaa hapo hapo miaka 49. Alikuwa waziri wa afya, wa elimu, wa mambo ya ndani, wa fedha na wa sheria. Uongozi wa chama chake aliugombea mara tatu, na mara zote tatu akaukosa.

Sasa lipo jambo moja la Clarke ambalo ningependa msomaji alishike, maana nitalirudia baadaye. Septemba 2019 alipiga kura bungeni kuipinga serikali ya chama chake mwenyewe katika suala la kujitoa Umoja wa Ulaya. Yeye na wenzake 20 wakatolewa katika kundi la wabunge wa chama. Je, alipoteza kiti? La hasha. Aliendelea kukaa bungeni kama mbunge wa Rushcliffe mpaka Bunge lilipovunjwa, kwa sababu kule kiti ni cha mbunge na wapiga kura wake, si cha chama.

Turudi nyumbani.

Pinda alizaliwa tarehe 12 Agosti 1948. Mpanda ya wakati huo ilikuwa pembe ya nchi iliyosahauliwa na karibu kila mtu, isipokuwa wale waliokuwa wakitafuta madini. Reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda, yenye urefu wa kilometa zipatazo 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufika hapa mwaka 1950. Haikujengwa kwa ajili yetu. Ilikuja kuchukua risasi ya mgodi wa Mukwamba, ile madini nzito ya kijivu. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki. Sisi tuliozaliwa baadaye tuliirithi kama mtu anavyorithi koti la marehemu: halikushonwa kwa kipimo chako, lakini ndilo linalokukinga na baridi. Mimi mwenyewe nilikwenda shule Tabora kwa garimoshi hilo, nimekalia gunia la mahindi, na sijapata kusikia mtu wa Mpanda akilisema vibaya.

Kibaoni iko kusini, upande wa pili wa Hifadhi ya Katavi. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unavuka daraja la mto Katuma ambako viboko hulundikana wakati wa kiangazi kama mawe meusi, unaingia porini pamoja na mbung'o wako ndani ya gari, ndipo unatokea kwa Wapimbwe. Huko watu wanalima mpunga na mahindi, wanafuga, wanarina asali. Kijana akitoka huko akafika chuo kikuu katika miaka ya mwanzo ya 1970, kijiji kizima kilimjua kwa jina. Pinda alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1974. Baadaye, alipokuwa mkubwa serikalini, alipenda kujiita mtoto wa mkulima. Wapo waliolichukulia jina hilo kama mbwembwe za siasa. Kwa sisi tunaoijua barabara ya kwenda kwao, lilikuwa maelezo tu.

Baada ya chuo hakukimbilia majukwaani. Alikuwa wakili wa serikali katika Wizara ya Sheria kuanzia 1974 hadi 1978. Kisha akahamia Ikulu, kwanza katika kazi za usalama, halafu kuanzia 1982 akawa katibu msaidizi wa Rais, kazi aliyoifanya kwa karibu miaka 10, chini ya Mwalimu Nyerere na baadaye chini ya Mzee Mwinyi. Katika miaka ya pili ya 1990 alikuwa karani wa Baraza la Mawaziri, yaani mtu anayeandika yanayosemwa na kuamuliwa mawaziri wanapokutana na Rais. Hesabu mwenyewe, msomaji: zaidi ya miaka 20 katika vyumba ambamo kelele hairuhusiwi. Mtu wa namna hiyo hujifunza kusikiliza, kutunza siri na kutii ngazi. Baadaye tutaona sifa hizo zilivyomsaidia na zilivyomponza.

Mwaka 2000 akagombea ubunge kwa tiketi ya CCM katika jimbo la Mpanda Mashariki, akashinda. Mwaka huo nilikuwa na miaka 20, na ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga kura. Mimi nilikuwa wa mjini, jimbo la Mpanda Kati, lakini habari za mgombea aliyekuwa akifanya kazi Ikulu zilitufikia. Tulisema wazi wazi kwamba huyu anajua milango ya kugonga. Kwa wapiga kura wengi wa mikoa ya pembezoni, hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mbunge, kuliko hotuba na kuliko elimu.

Hapa ndipo inapofaa kueleza kazi ya mbunge ni ipi hasa. Katiba yetu, katika Ibara ya 63, inasema kazi kubwa ya Bunge ni kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Bunge linatunga sheria, linapitisha bajeti, linauliza maswali, linaidhinisha mipango ya maendeleo. Hakuna mahali Katiba ilipomwambia mbunge achimbe kisima au anunue jeneza la msiba. Hata hivyo wananchi tunamdai hayo, na wanasiasa wenyewe ndio waliotuzoesha. Mwaka 2009 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mbunge akawekwa kuwa mwenyekiti wa kamati yake. Kwa hiyo mtu yule yule anayetakiwa kuisimamia serikali juu ya fedha akapewa na yeye mfuko wa kugawa. Wapo waliosema jambo hilo ni jema kwa vijiji, na wapo waliosema linachanganya kazi ya mlinzi na kazi ya mpishi. Mimi naona pande zote mbili zina ukweli.

Pinda hakukaa sana katika viti vya nyuma. Chini ya Rais Mkapa alikuwa naibu waziri wa tawala za mikoa na serikali za mitaa. Rais Kikwete alipounda baraza lake Januari 2006 akampandisha kuwa waziri kamili wa eneo hilo hilo. Hiyo ndiyo wizara inayogusa halmashauri zote, shule za msingi, zahanati na watendaji wa kata. Haina sifa magazetini, lakini humfundisha mtu nchi nzima ilivyo.

Ikafika Februari 2008. Kamati teule ya Bunge chini ya Dakta Harrison Mwakyembe ilikuwa imechunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Taarifa ilipowasilishwa Dodoma, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu tarehe 7, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Siku iliyofuata likaletwa bungeni jina la Pinda. Wabunge wakamthibitisha kwa kura karibu zote, na tarehe 9 akaapishwa.

Nakumbuka siku ile mjini hapa. Watu walipigiana honi. Kina mama sokoni walipiga vigelegele, hata wale ambao mbunge wao alikuwa wa upinzani, maana mji wetu tangu 2005 ulikuwa umemchagua Said Arfi wa CHADEMA, na ukamchagua tena 2010. Siku hiyo hakuna aliyeuliza chama. Mpanda, mji ambao abiria wa Dar es Salaam walikuwa wakiuulizia uko upande gani, ulikuwa umetoa Waziri Mkuu.

Lakini tuelewane juu ya namna Waziri Mkuu anavyopatikana. Kwetu hachaguliwi na wananchi kwa cheo hicho. Rais humteua kutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo, anayetokana na chama chenye wabunge wengi, kisha Bunge humthibitisha kwa kura. Uingereza waziri mkuu ndiye kichwa cha serikali. Kwetu kichwa ni Rais, na Waziri Mkuu ni msimamizi wa shughuli za kila siku na kiongozi wa serikali bungeni. Kwa lugha ya nyumbani, ni mnyapara mkuu: kazi ikiharibika anaulizwa yeye, lakini shamba si lake.

Na kuulizwa aliulizwa kweli kweli. Kanuni za Bunge toleo la 2007 zilileta utaratibu wa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi, bila kupelekewa swali mapema. Waingereza wana utaratibu wa namna hiyo wenye muda wake maalumu tangu 1961, na tangu 1997 hufanyika mara moja kwa wiki, Jumatano. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo ya utaratibu huu kwetu, aliyesimama pale mbele ni Pinda.

Mawili kati ya majibu yake yamebaki katika kumbukumbu ya nchi, na nitayaeleza yote mawili.

La kwanza ni la Januari 2009. Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, albino, walikuwa wakiuawa kinyama kwa imani za ushirikina, hasa Kanda ya Ziwa. Serikali kupitia kwa Pinda ilifuta leseni za waganga wa jadi. Akiwa ziarani huko akasema maneno yaliyoeleweka kwamba atakayekamatwa akiua albino naye auawe hapo hapo. Wapinzani wakamhoji bungeni: je, Waziri Mkuu, tena mwanasheria, anaruhusu watu wajichukulie sheria mkononi? Alisimama kujieleza, na katikati ya maelezo akalia. Waziri Mkuu wa nchi alitoa kitambaa akajifuta machozi mbele ya Bunge zima. Wengi tulimhurumia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

La pili ni la Juni 2013. Wakati huo kulikuwa na vurugu katika sehemu mbalimbali za nchi, Mtwara kwa sababu ya gesi na kwingineko kwa sababu ya siasa. Mbunge mmoja akauliza juu ya malalamiko kwamba vyombo vya dola vinatumia nguvu dhidi ya raia. Katika kujibu, Pinda alisema kwamba anayekaidi amri atapigwa tu, kwa kuwa serikali imechoka. Mara hii hakukuwa na machozi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika wakafungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu. Mwaka 2014 Mahakama ikalitupa kwa hoja ya haki ya walalamikaji kufungua shauri lenyewe.

Hapo likaibuka jambo ambalo kila mwananchi anapaswa kulijua: kinga ya mbunge. Waingereza waliiandika katika sheria yao ya haki ya mwaka 1689, kwamba yanayosemwa bungeni yasihojiwe mahakamani. Sisi tunayo katika Ibara ya 100 ya Katiba. Sababu yake ni njema. Enzi zile mfalme aliweza kumtia gerezani mbunge aliyemkosoa. Kinga ikawekwa ili mnyonge apate mtu wa kumsemea bila hofu. Swali la mwaka 2013 lilikuwa hili: je, ngao iliyotengenezwa kumlinda mbunge dhidi ya serikali, inaweza kuibebwa na serikali yenyewe inapozungumza na raia? Msomaji, swali hilo halijaisha kwa sababu tu shauri lilitupwa.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Jioni ile ya Juni 2013 nilikuwa zamu ya kusoma habari. Taarifa ya kauli ya Waziri Mkuu ilikuwa mezani, na nilijua ndiyo habari kubwa ya siku. Nikaisogeza mpaka ya nne, nikaisoma kwa sentensi moja iliyopooza, halafu nikaendelea na bei ya mahindi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona aibu kwa ajili ya mtu wa kwetu. Nilijiambia kwamba mikoa mingine itamsema vya kutosha, sisi tumfunike.

Siku mbili baadaye kijana mmoja wa bodaboda alinisubiri nje. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji. Alisema kwamba watu waliovaa sare walimpiga barabarani wiki chache kabla, na hakupata pa kushtaki. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Kaka, kama yule waziri mkuu angekuwa mtu wa Moshi, habari ile ungeisoma vile?" Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na nadhani swali lake na swali la mzee wa asali ni swali moja. Mbunge ni wa nani? Tukishamwita wetu, je, tumempata, au yeye ndiye ametupata sisi, mpaka tunamfichia makosa?

Tuseme pia yale ambayo Bunge lilijaribu. Aprili 2012, baada ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha matumizi mabaya ya fedha katika wizara kadhaa, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikusanya sahihi za wabunge ili Waziri Mkuu apigiwe kura ya kutokuwa na imani. Katiba, Ibara ya 53A, inataka sahihi za angalau asilimia 20 ya wabunge wote na taarifa ya siku 14. Spika Anne Makinda akasema masharti ya muda hayakutimia. Kura haikupigwa, lakini mshindo ulisikika Ikulu: Mei 2012 Rais Kikwete alibadili baraza lake na mawaziri sita wakatoka. Uingereza, Machi 1979, serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura ya namna hiyo, 311 kwa 310. Kura moja tu.

Desemba 2013 ikaja taarifa juu ya Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na majangili, iliyowaumiza wafugaji na wanavijiji wengi wasio na hatia. Mawaziri wanne waliondolewa, na Pinda ndiye aliyelitangazia Bunge uamuzi wa Rais. Mwishoni mwa 2014 likaja sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akaondolewa, mwingine akajiuzulu. Pinda akabaki.

Kwa nini alibaki kila mara? Wengine walisema ni kwa sababu hakuonekana kujilimbikizia mali, na alikuwa akipinga waziwazi magari ya kifahari ya serikali. Wengine walisema ni kwa sababu hakuwa tishio kwa mtu yeyote. Mimi naongeza sababu ya tatu, na hapa namrudia Kenneth Clarke wa Rushcliffe. Kwa Katiba yetu, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, kiti chake kinaondoka naye, na mgombea binafsi haruhusiwi. Mbunge wa chama tawala anayetaka kumwangusha Waziri Mkuu wa chama chake anaweza kulipa kwa kiti chake. Clarke alipiga kura kwa dhamira yake, akatolewa katika kundi, akarudi kukaa bungeni. Wa kwetu angerudi kukaa nyumbani. Si kwamba Waingereza ni majasiri kuliko sisi. Sheria zao zimepunguza bei ya ujasiri.

Hata hivyo isisemekane kwamba ukanda huu haukupata kuwa na wabunge wenye ulimi. Marehemu Chrisant Mzindakaya wa Kwela, aliyefariki Juni 2021, aliingia bungeni katika miaka ya 1960 na kuendelea, kwa vipindi, mpaka 2010. Alikuwa wa CCM, lakini mawaziri wa CCM walimwogopa alipobeba makabrasha. Mwaka 2001 Waziri wa Viwanda na Biashara, Iddi Simba, alijiuzulu kutokana na suala la vibali vya sukari ambalo Mzindakaya alilivalia njuga. Kumbe inawezekana kukaa muda mrefu, kubaki ndani ya chama, na bado ukauma.

Sasa tuulize: Katavi ilipata nini? Tarehe 1 Machi 2012 Mkoa wa Katavi ulizaliwa rasmi, ukamegwa kutoka Rukwa, pamoja na mikoa mipya ya Geita, Simiyu na Njombe. Mpanda ukawa makao makuu. Kabla ya hapo mtu wa Mishamo mwenye shida ya ofisi ya mkoa alisafiri mpaka Sumbawanga, na wakati wa masika safari hiyo ilikuwa ya kuaga. Katika miaka hiyo hiyo ujenzi wa lami kutoka Sumbawanga kuja kwetu ulianza, kipande kwa kipande. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 162,000 wa familia zilizokimbilia nchini mwaka 1972, wengi wao wakiishi Katumba na Mishamo, walipewa uraia. Na asali: Pinda aliizungumzia ufugaji wa nyuki kila alipokwenda, mpaka watu wakamtania. Mzee wangu wa sokoni hamtanii.

Je, hayo yote aliyaleta Pinda? Si kweli, na si haki kusema hivyo. Mikoa mitatu mingine iliundwa siku moja na wetu, na haikuwa na Waziri Mkuu. Uraia wa Warundi ulikuwa uamuzi wa taifa. Lami ilikuwa katika mpango wa nchi. Lakini pia si kweli kwamba kuwa na mtu mezani hakusaidii kitu. Aliyewahi kupanga foleni anajua kwamba kuitwa jina lako mapema ni nusu ya huduma. Tatizo ni kwamba foleni inayokwenda kwa majina humwacha nyuma asiye na mtu. Leo ni sisi tunaoitwa, kesho ni wengine, na sisi tunabaki tumeshika namba.

Mwaka 2015 Pinda hakugombea tena ubunge. Aliomba kupitishwa na CCM kugombea urais, miongoni mwa wanachama zaidi ya 30, na jina lake halikuingia katika tano bora. Chama kikamsimamisha John Magufuli. Hakuhama chama, hakununa hadharani. Tarehe 20 Novemba 2015 Kassim Majaliwa aliapishwa kushika nafasi yake, na yeye akaenda shambani kwake Zuzu, nje kidogo ya Dodoma, kwenye mizinga yake. Baadaye aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu Huria. Kwa nchi ambazo viongozi hutolewa madarakani kwa bunduki, kuondoka kwa namna hiyo si jambo dogo.

Basi nimjibu mzee wa asali. Mbunge akikaa muda mrefu, anayefaidi kwanza ni yeye: anajua kanuni, anajulikana, anaogopwa. Sisi tunafaidi tu pale tunapomuuliza. Tusimpime kwa miaka wala kwa jinsi anavyolia au asivyolia. Tumpime kwa mambo matatu: aliuliza nini bungeni kwa niaba yetu, alipiga kura vipi, na alipokosea nani alimwambia. La tatu si mtihani wa mbunge. Ni mtihani wetu, na mimi niliufeli jioni moja ya Juni kwa sentensi moja.

Yule kijana wa bodaboda bado ananipakia hadi leo. Mkono ulipona, ingawa haunyooki vizuri. Tukifika hunidai nauli kamili, bila kupunguza hata senti, na mimi huilipa.